Weji ya gofu: kabari isiyochimba, na jinsi ya kuizoea kwenye mchanga wa Mtwara

Fimbo yenyewe niliikuta sokoni hapa Mtwara mjini, imelala kwenye lundo la mitumba katikati ya mabegi ya shule na raba za mazoezi. Muuzaji aliiita bakora ya Mzungu. Alitaka elfu kumi na tano, tukamalizana kwa tisa. Nilipofika nyumbani nikausugua unyayo wake kwa brashi ya waya, zikajitokeza namba mbili: 56, halafu 14. Ya kwanza mjomba wangu alinieleza jioni ileile. Ya pili nilikaa nayo karibu mwaka mzima bila kuijua, na mwaka huo wote nilichimba mchanga wa ufukwe wa Shangani kama mtu anayetafuta chaza.

Mjomba alibeba mikoba ya wachezaji gofu Dar es Salaam miaka mingi kabla hajarudi kusini kuangalia mikorosho ya ukoo. Siku aliponikuta nahangaika ufukweni hakucheka. Aliniuliza tu, "Mpwa wangu, hiyo unalimia?" Kisha akaichukua fimbo, akaigeuza juu chini na kunionyesha kitako chake.

Haya ninayoandika ni ya mtu wa hali yangu. Ana weji moja ya mtumba, uwanja wa gofu anausikia uko Dar, Morogoro, Moshi au Arusha, lakini mchanga anao wa kumwaga.

Neno weji lina maana gani

Weji limetoka kwenye Kiingereza, na maana yake ya kwanza ni kabari: kile kipande cha mti au chuma, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, ambacho mpasua magogo hukigongomea kwenye ufa, au utingo hukisukumiza nyuma ya tairi la lori la korosho lisirudi nyuma. Ishike fimbo uitazame ubavuni, utaiona hiyo kabari. Juu ni nyembamba, chini ni nene.

Kwenye gofu, weji ni jina la ukoo mzima wa fimbo za chuma ambazo uso wake umelala sana. Kazi yake ni kuupandisha mpira juu upesi na kuudondosha karibu, badala ya kuupeleka mbali. Mlalo huo wa uso unaitwa lofti na unahesabiwa kwa nyuzi. Ukoo wenyewe una ndugu wanne. Pichi weji huandikwa P au PW, na siku hizi nyingi ni nyuzi 44 hadi 48. Sendi weji, ile ya mchangani, huandikwa S au SW, nayo huwa kati ya 54 na 58. Katikati yao kuna gepu weji, ambayo kiwanda kimoja kitaiandika G, kingine A, na kingine namba tu, 50 au 52. Mwisho ni lobu weji, L au LW, nyuzi 58 hadi 64, na hiyo nakushauri uiache kwanza hata ukipewa bure.

Gepu weji ilizaliwa kwa sababu viwanda vimekuwa vikizisimamisha nyuso za fimbo kidogo kidogo ili wanunuzi waone mpira unakwenda mbali zaidi. Pichi ya zamani ilikaribia nyuzi 50. Kadiri ilivyosimama, pengo kati yake na sendi likapanuka, ikabidi itengenezwe fimbo ya kuliziba. Kwa hiyo ukiokota pichi ya zamani kwenye mitumba na sendi ya juzi, usishangae kuona zinakwenda karibu umbali mmoja.

Katika mazungumzo neno linatumika kwa njia mbili tatu. Mchezaji akisema "nipe weji" bila kuongeza kitu, kedi, yule anayembebea mkoba, humpa pichi, au humuuliza kwa namba: "Hamsini na mbili au hamsini na sita?" Akisema "nimebakiza nusu weji", hapo hazungumzii fimbo, anapima umbali: mpira uko karibu kiasi kwamba hatapiga kwa mzunguko kamili wa mikono. Na ukisikia "ametoka kwa sendi", ujue alikuwa ndani ya banka, lile shimo la mchanga linalochimbwa makusudi kando ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye kishimo cha kutumbukizia mpira, ili kumtia mtu tabu.

Pale neno linapotudanganya

Ukiambiwa kitu ni kabari, akili inakutuma ukigongomee. Kabari inaingia, hiyo ndiyo kazi yake. Na fimbo yenye uso uliolala, ukiiangalia haraka haraka, inafanana na jembe. Basi unaipiga mchangani kwa nguvu ili iuchote mpira, nayo inazama hadi shingoni na mpira unabaki palepale unakutazama.

Mjomba alinisogeza kwenye ngarawa moja iliyovutwa nchi kavu. "Tazama omo yake," akasema. Pua ya ngarawa imeinuka, haigusi mchanga. Kinachogusa ni tumbo. Ndiyo maana watu wanne wanaivuta ikapanda ufukwe bila kuchimba. Pua hiyo ingekuwa chini kuliko tumbo, hata watu kumi wasingeisogeza, ingejichimbia kaburi.

Sendi weji imeundwa hivyohivyo. Unyayo wake una ukingo wa mbele, ulio chini ya uso, na nyuma yake kuna tumbo. Tumbo liko chini kuliko ukingo, na tofauti hiyo ndiyo inayoitwa baunsi. Kwa maneno ya fundi: baunsi ni pembe kati ya ardhi na mstari unaotoka ukingo wa mbele kwenda pale tumbo linapogusa ardhi. Ile 14 kwenye fimbo yangu ndiyo hiyo, nyuzi kumi na nne za baunsi. Kwa maoni yangu ndiyo namba muhimu kuliko ya kwanza, na ndiyo ambayo wauzaji wengi hawaitaji.

Alama hizo huandikwa kwa mitindo tofauti, 56-14, 56/14 au 56.14, lakini lofti hutangulia. Herufi yoyote inayofuata hapo ni ya kiwanda, inaeleza jinsi unyayo ulivyonolewa. Usiumize kichwa nayo.

Aliyeijaza risasi

Kabla ya miaka ya 1930 mchanga ulikuwa adhabu kweli. Fimbo waliyokuwa nayo iliitwa nibliki: uso umelala vizuri, ila unyayo mwembamba unaozama kama kisu. Kuna waliojaribu fimbo yenye uso uliobonyea mfano wa kijiko, nayo ikapigwa marufuku mwaka 1931.

Ndipo akaja Gene Sarazen, Mmarekani, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, ambaye naye alianza akiwa kedi. Alichukua nibliki, akayeyusha risasi ya kulehemu, ileile aliyonayo fundi redio, akaijaza kwenye unyayo, kisha akainoa mpaka sehemu ya nyuma ikawa chini kuliko ya mbele. Alisimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa akijifunza kurusha ndege, akaona jinsi kipande cha mkia kinavyosogea na pua ya ndege kuinuka. Mwaka 1932 alikwenda nayo Uingereza kwenye mashindano ya wazi, katika uwanja wa Prince's ulioko mji wa Sandwich, akashinda kwa mikwaju 283, mitano pungufu ya aliyemfuata. Mjomba akiwa na wenzake huisimulia hadithi hii kama vile alikuwepo.

Hatua ya kwanza: pima baunsi yako mwenyewe

Fimbo nyingi za mtumba namba zimefutika, au hazikuandikwa kabisa. Kupima si kazi kubwa, na hata kama namba ipo, pima, maana ukishapima hutasahau kitu hiki kilivyo.

Tafuta meza ya kioo au sakafu ya vigae iliyo sawa. Simamisha fimbo kama unavyoishika kucheza, mpini usiegemee upande wa lengo wala upande wa nyuma. Chuchumaa uangalie kutoka kwenye ncha ya kichwa. Utaona mwanga ukipenya chini ya ukingo wa mbele. Mwanga huo ndio baunsi.

Sasa uupime. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, viwanda vyote vinafuata kipimo hicho. Sukuma kadi chini ya ukingo mpaka iguse, ongeza ya pili, ongeza ya tatu, hadi isiingie nyingine. Kwangu ziliingia nne, yaani milimita 3. (Kadi tatu zilikuwa za watu, na mke wangu alisimama pale mpaka ya kwake ikarudi mkononi.)

Baki na kipimo kimoja: kutoka ukingo wa mbele mpaka pale tumbo linapogusa ni umbali gani? Kwa macho huwezi kupajua. Chukua masizi chini ya sufuria, paka kidogo mezani, simika fimbo juu yake, kisha iinue. Tumbo litakuwa na mstari mweusi. Pima kwa rula kutoka mstari huo hadi ukingoni. Kwangu ilikuja milimita 12.

Gawa 3 kwa 12, unapata 0.25. Hiyo ni pembe ya nyuzi 14, sawasawa na ilivyoandikwa. Ukipata 0.1, baunsi yako ni kama nyuzi 6. Ukipata 0.15, ni nane na nusu. Ukipata 0.2, ni kumi na moja. Kwa kawaida chini ya 7 huitwa baunsi ndogo, 7 hadi 10 ya wastani, na zaidi ya 10 kubwa. Milimita moja ukiikosea jibu linapotea kwa nyuzi nne tano, kwa hiyo usipime huku unaongea na simu.

Hatua ya pili: ujue mchanga, na uchague saa

Pwani yetu ina kitu ambacho mchezaji wa kwenye nyasi hana. Ndani ya hatua hamsini unapata aina zote za mchanga. Juu, kupita mstari wa mwani ulioachwa na maji, mchanga ni mkavu na laini, ukitembea unazama hadi kifundo. Chini, pale maji yalipotoka sasa hivi, ni mbichi na mgumu, baiskeli inapita. Katikati kuna mchanga uliokauka juu tu, ukibonyeza kidole unakutana na ubichi chini.

Kanuni ni nyepesi. Mchanga laini unataka baunsi kubwa, maana bila tumbo fimbo itazama. Mchanga mgumu unataka ndogo, kwa sababu tumbo kubwa litagonga na kuruka kabla halijapita chini ya mpira. Wa katikati unapokea karibu kila fimbo, na ndiko pa kuanzia.

Nenda maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huku kwetu maji hutoka mbali sana, na kupwa kwenyewe huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu ufukwe ni mwembamba, utapiga huku unapisha watu. Kipindi cha kusi simama ukiupa upepo mgongo, la sivyo kila pigo litarudi machoni.

Pa kwenda: Shangani panafaa ila kuna matumbawe chini ya mchanga sehemu nyingine, kwa hiyo pasua kwanza kwa kijiti kabla hujapiga. Mimi napendelea kuvuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, mchanga ni mwingi na mweupe, na siku za kazi hakuna mtu. Walioko Lindi mjini ufukwe wanao miguuni. Msimbati pazuri kuliko kote, lakini ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na kasa hutaga kwenye fukwe za namna hiyo. Huko nenda kuogelea, fimbo iache nyumbani.

Na watu. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 na ni mgumu kama jiwe. Kina mama wanaochokoa pweza huwa wameinama na hawakuoni. Usipige kuelekea walipo, hata kama unaona ni mbali. Mazoezi ya weji hayahitaji zaidi ya hatua thelathini.

Hatua ya tatu: uso kwanza, mikono baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kwa miezi. Ili kutumia baunsi unatakiwa kufungua uso, yaani kuugeuza uangalie juu zaidi na kulia kidogo mwa lengo kwa mtu wa mkono wa kulia. Ukifungua uso, tumbo linashuka zaidi, baunsi inaongezeka. Ukiufunga, tumbo linapotea na ukingo unabaki mbele kama wembe.

Kosa ni kushika fimbo kwanza halafu kuzungusha viganja. Ukipiga, viganja vinarudi vilivyozoea na uso unajifunga wenyewe. Fanya hivi: shika mpini kwa mkono wa kulia tu, kwa vidole, kichwa kikiwa hewani mbele yako. Zungusha fimbo mpaka uso uangalie juu, kama sinia unalotaka kumwekea mgeni chakula. Ukiridhika, sasa ndipo uushike kwa mikono miwili kama kawaida. Ukitazama chini utaona fimbo imegeuka lakini mikono yako haijageuka.

Miguu ipanue kidogo kupita mabega, uisugue mchangani mpaka nyayo zizame, maana mchanga ukiteleza chini yako hakuna kitakachofaa. Uzito uweke zaidi mguu wa kushoto na uuache hukohuko. Mpira, utakapoufikia, uwe mbele, karibu na kisigino cha kushoto. Mikono isitangulie mbele ya mpira. Hili lina sababu: kila uzi unaoinamisha mpini kuelekea lengo, unapunguza uzi mmoja wa baunsi. Ukisukuma mikono mbele kwa nyuzi kumi, ile 14 yangu imebaki 4, na nimerudi kulima.

Hatua ya nne: mstari, bila mpira

Mjomba alininyang'anya mipira wiki tatu. Akachora mstari mrefu mchangani kwa kisigino, kuelekea baharini, akaniambia nisimame huku mstari ukiwa katikati ya miguu yangu, nipige nikiukata, nisogee nusu hatua, nipige tena, mpaka mwisho wa mstari. Kisha nirudi nisome alama zangu.

Alama ya kwanza ilikuwa shimo. Ungeweza kupanda mhogo. Kina chake kilifika kwenye kifundo cha mkono, na ilianza nyuma ya mstari kwa shibiri nzima. Ya nne au ya tano fimbo iliruka juu ya mchanga, haikuacha kitu. Kwenye ishirini hivi nikapata moja ambayo mjomba aliikanyaga pembeni, akasema, "Hii. Nitafutie ndugu zake."

Hiyo alama ilikuwa na urefu wa shibiri moja, upana wa kiganja, na kina kisichozidi unene wa kidole. Chini yake palikuwa bapa, kama mtu amepitisha mwiko wa fundi saruji. Ilianzia juu ya mstari, ikaishia mbele yake. Alama ya jembe ina mdomo mkali nyuma na ukuta mbele. Alama ya weji haina ukuta, inaisha taratibu jinsi ilivyoanza.

Sauti nayo inakuambia. Ikizama inasema pu, na mkono unashtuka hadi kwenye kiwiko. Ikiteleza inasema pwaa, kama donge la chapati linapotupwa ubaoni, na mkono hausikii kitu. Baada ya wiki mbili nilikuwa najua alama ilivyo kabla sijaangalia chini.

Usipunguze mwendo katikati ya pigo kwa hofu. Fimbo ikisitasita mchangani inazama hata ikiwa na baunsi ya nyuzi ishirini. Anza polepole ukitaka, lakini maliza mikono ikiwa juu ya bega la kushoto.

Hatua ya tano: weka mpira

Ukipata alama nzuri saba katika kumi, weka mpira vidole vitatu mbele ya mstari. Halafu usahau kwamba upo. Piga mstari.

Watu hawaniamini nikiwaambia kwamba katika pigo zuri la mchangani fimbo haiugusi mpira. Inapita chini yake, inaubeba mchanga, na mchanga ndio unaoutoa mpira. Kinachoruka ni kitambaa chembamba cha mchanga, mpira umekaa juu yake kama abiria. Mpira wa kwanza niliopiga hivyo ulipanda taratibu, ukatua hatua kumi na mbili mbele na kusimama. Nilikaa chini.

Kutaka mbali zaidi, ongeza urefu wa mzunguko wa mikono, au ufungue uso kidogo pungufu. Usiguse ule umbali wa vidole vitatu. Ukianza kuuchezea huo utakuwa unaubadilisha kila siku kama bei ya korosho.

Mchanga mbichi, na mpira uliofukiwa

Karibu na maji mambo yanageuka. Baunsi ya 14 hugonga mchanga mgumu na kuruka, ukingo unaupiga mpira tumboni, nao unaondoka chini chini kama umepigwa teke. Hapo usifungue uso. Uache ulivyo, mpira usogeze katikati ya miguu, na pigo liwe fupi. Mwenye pichi weji aitumie hiyo, tumbo lake kwa kawaida ni dogo.

Mpira uliozama nusu ni habari nyingine. Huu ndio wakati pekee kabari inaporuhusiwa kuwa kabari. Funga uso kidogo, mpira nyuma ya katikati, mikono mbele, piga kwa nguvu ukiingia karibu nyuma yake na usihangaike kumalizia. Fimbo itachimba, na safari hii ndicho unachokitaka. Mpira utatoka na kukimbia sana ukitua, kwa hiyo usitegemee usimame.

Ukitoka mchangani

Kiwanja cha mpira wa miguu cha mtaani kwetu ni kigumu, nyasi zake ni za kuhesabu. Siku moja nilisimama hatua thelathini kutoka golini nikiwa na sendi yangu, uso wazi kama nilivyofundishwa. Fimbo ikaruka ardhini. Mpira ulipita golini kwa urefu wa goti, ukavuka barabara na kugonga bati la banda la chai. Wazee waliokuwa wakicheza bao wakageuka wote kwa pamoja.

Kwenye ardhi ngumu chukua pichi, uso ukae ulivyo, mpira usogee kuelekea mguu wa kulia, mikono itangulie kidogo. Ule mwinamo wa mpini unaokuharibia mchangani hapa unakusaidia, unapunguza baunsi na kuuleta ukingo chini ya mpira. Kwenye nyasi ndefu za masika unaweza kurudi kwenye sendi, nyasi zina tabia ya mchanga.

Ukibahatika kwenda uwanjani

Barabara ya Dar ni kilomita 550 na ushee, kwa hiyo ukifika huko usiaibike kwa kutojua sheria. Ndani ya banka, fimbo isiguse mchanga mbele au nyuma ya mpira kabla ya pigo, isiuguse wakati unaivuta nyuma, wala usipige pigo la majaribio linalokwaruza mchanga. Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, kosa hilo ni mikwaju miwili. Yaani zoezi lote la mstari nililoeleza ni la ufukweni tu. Majani na vijiti vilivyolala ndani unaruhusiwa kuviondoa tangu sheria za 2019. Na mkobani usizidishe fimbo 14. Ukimaliza, chukua reki usawazishe ulipokanyaga. Makedi wanamjua mtu kwa hilo kabla hawajaona anavyopiga.

Chumvi

Fimbo iliyotoka ufukweni usiilaze mkobani. Chumvi ikikaa usiku mmoja, asubuhi utaona madoa ya kahawia kwenye mifereji ya uso. Suuza kwa maji ya kisima au ya bomba, si yale ya baharini hata kama unaona yameng'aa, kisha pitisha mswaki wa zamani kwenye mifereji, mmoja mmoja, mpaka uone chuma. Kausha kwa kitambaa, kichwa na mpini, uiache kivulini imeegemea ukuta. Ikikauka kabisa, tone moja la mafuta ya cherehani juu ya kichwa, ulisambaze kwa kidole. Mshikio usiuguse na mafuta. Mimi niliugusa mara moja, na pigo lililofuata fimbo ilinitoka mikononi ikaenda kutua ndani ya ngarawa ya mtu.